Uzi: Arduino moja, matundu mawili ya USB, na kila tundu lina ugonjwa wake

Tangi_la_Kisauni (Ijumaa, saa 3 usiku)

Assalam aleikum jamaa. Nisaidieni kabla sijalitupa hili libodi baharini pale Feri.

Nyumbani kwetu Kisauni, Mombasa, maji ya mfereji huja yakitaka, na yakitaka ni usiku wa manane. Tuna tangi la lita 5,000 juu ya dari na wa kupanda kulichungulia ni mimi. Nikaona nitengeneze kipimo: Arduino Uno (bodi ndogo ya kupangia vifaa vya umeme), kipima umbali JSN-SR04T kile kisichoingia maji, na SIM800L ya kunitumia SMS tangi likipungua. Bodi si ya asili, ni ya kuigiza, imekuja kwa basi kutoka Luthuli kule Nairobi. Laptopu ni ya mtumba, Windows 10, niliuziwa na fundi wa simu.

Nikichomeka bodi taa inawaka, laptopu inalia ule mlio wake, lakini ndani ya Arduino IDE, programu ya kuipakia bodi, mahali pa kuchagua poti pamekuwa kijivu, hapabonyezeki. Nishasakinisha draiva tano. Ya CH340 na ya FTDI, chipu za kuunganisha bodi na USB, mbili nilizokuta kwenye tovuti yenye matangazo mengi kuliko maneno, na ile programu inayojidai kusakinisha draiva zote kwa mpigo. Leo ndio nimeona la ajabu zaidi: tundu la kulia linanipa poti, COM7, tundu la kushoto halinipi kitu. Bodi ile ile, waya ule ule. Na hiyo COM7 nayo nikipakia programu inakataa.

Nahodha_wa_Waya

Badilisha waya. Nyaya nyingi za mezani kando ya barabara ni za chaji tu, ndani mna nyuzi mbili za umeme, zile mbili za data hazimo. Taa itawaka mpaka kesho na kompyuta haitajua kuna mgeni.

Tangi_la_Kisauni

Waya ni ule mnene wa printa, wa kichwa cha mraba. Nimeuchomoa kwenye printa ya dadangu na jana ilikuwa inachapa.

kijana_wa_Likoni

Futa Windows, weka Ubuntu. Kwa Linux draiva ya CH340 imo ndani ya kerneli, kiini cha mfumo, tayari, hakuna mambo ya kusakinisha. Kwisha maneno.

Bi_Solda

Kijana, mtu ameuliza njia ya Nyali wewe wamwambia ahamie Lamu.

Tangi, Nahodha hakukosea kuanza na waya, ndiko kwa kuanzia. Lakini laptopu ikilia na COM7 ikatokea, data inapita. Waya tuuache.

Sasa nakuomba jambo moja: usisakinishe kitu kingine chochote. Chochote. Wewe umefanya kama mgonjwa aliyemeza dawa za majirani wote kabla ya kupimwa. Tuanze na nambari.

Kila kifaa cha USB kikichomekwa hujitaja kwa nambari mbili, VID ya mtengenezaji na PID ya bidhaa yenyewe. Windows haijui kama hii ni Arduino wala haijali, inasoma nambari hizo kisha inatafuta draiva iliyoandika nambari hizo katika faili lake la inf. Ndio maana kusakinisha draiva ya FTDI kwa chipu ya CH340 ni kumpa Hamisi barua ya Juma, haitafunguliwa. Uno ya asili hujitaja 2341 na 0043. CH340, ambayo ndiyo naiona kwa bodi nyingi za kuigiza, ni 1A86 na 7523. FT232 ya FTDI ni 0403 na 6001. CP2102, unayoikuta kwa bodi nyingi za ESP32, ni 10C4 na EA60.

Fungua Device Manager, kitafute kifaa kinachotokea na kutoweka unapochomeka na kuchomoa, bonyeza kulia, Properties, Details, kisha chagua Hardware Ids. Fanya hivyo kwa tundu la kulia, kisha la kushoto. Unipe nambari na jina la kundi kilimokaa. Usinieleze kwa maneno yako, nakili kama ilivyo.

Tangi_la_Kisauni

Sawa dada.

Kulia: kundi ni Ports, jina USB-SERIAL CH340 (COM7), nambari USB\VID_1A86&PID_7523.

Kushoto: kundi ni Universal Serial Bus devices, jina USB Serial. Nambari ni ile ile, 1A86 na 7523.

Kifaa kimoja, nyumba mbili. Inawezekanaje?

Bi_Solda

Hapo umenifurahisha, hii ndiyo habari niliyoitaka.

Inawezekana hivi. Kuna vifaa vya USB vilivyo na nambari ya kipekee ndani, kama nambari ya injini ya gari, kwa hivyo Windows hukitambua kifaa popote kikichomekwa. CH340 ya bodi yako haina. Kwa kuwa haina, Windows hukitambua kwa tundu kilichokaa. Ukihamisha tundu, kwake ni kifaa kipya, kinaandikishwa upya, kinapewa COM mpya na kinachaguliwa draiva upya. Ukichomeka tena tundu la zamani, inarudi kwenye daftari lake la zamani na draiva ile ya zamani, hata kama ni mbovu.

Kwa hivyo tundu la kushoto lina draiva iliyoingia kwanza, na draiva hiyo si ya poti. Kundi la Universal Serial Bus devices, si lile la controllers, ni dalili ya WinUSB, draiva ya jumla isiyotoa poti. Haiji yenyewe kwa CH340. Kuna mtu aliiweka. Je, umewahi kufungua programu inayoitwa Zadig?

Tangi_la_Kisauni

Hapana. Huenda ni yule fundi wa simu aliyeniuzia, alikuwa na madraiva humo hata hayahesabiki.

FundiSimu_MwembeTayari

Ngojeni kwanza, tusisingiziane. Mimi siye niliyemuuzia lakini kazi ni moja, na kila laptopu ikiharibika husemwa ni sisi.

Ndiyo, laptopu ya kuflashia simu imejaa draiva. Lakini someni maneno ya Bi Solda. Draiva ya MediaTek imeandika nambari 0E8D, ya Qualcomm imeandika 05C6, na ya Spreadtrum ni 1782. Hakuna hata moja iliyoandika 1A86. Zinaweza kukaa humo miaka kumi bila kuigusa Arduino.

Kitu pekee chetu ninachoweza kukishuku ni vichujio, kama UsbDk au ile libusb ya kuchuja, kwa sababu hivyo havijali nambari, hukaa juu ya vifaa na kusikiliza vyote. Nishaona kichujio cha namna hiyo kikazima kipanya na kibodi kwa pamoja, ikabidi mtu atumie kibodi ya PS/2 ya kuazima. Angalia kwenye orodha ya programu zilizosakinishwa kama UsbDk imo, na kama huflashi simu iondoe. Lakini kichujio hakihamishi kifaa kwenda kundi jingine. Hilo la kushoto lina mwenyewe.

Tangi_la_Kisauni

UsbDk ilikuwemo, nimeiondoa. Kushoto bado vile vile.

Na jamani... nimekumbuka. Wiki jana nilitazama video moja YouTube, jamaa akasema ukiona Arduino haionekani, fungua programu fulani, chagua kifaa, bonyeza kitufe kikubwa cha Replace Driver. Nimerudi kuitazama. Ni hiyo Zadig. Fundi, niwie radhi.

FundiSimu_MwembeTayari

Nimeshasamehe. Ukipita Mwembe Tayari ninunulie viazi vya karai.

Mzee_wa_Redio

Vijana, msiilaani Zadig, mimi naila nayo.

Nina kidude cha RTL-SDR, kile kilichotengenezwa kupokea televisheni, chenye chipu ya RTL2832U. Nakitumia kusikiliza AIS, mawimbi ya meli kujitambulisha, za meli zinazoingia bandari ya Kilindini, kwenye 161.975 na 162.025 MHz. Windows hukipa draiva ya televisheni, na programu za redio hazikitaki hivyo, zinataka kuongea nacho moja kwa moja. Hapo ndipo Zadig inapofaa: inaondoa draiva iliyopo na kuweka WinUSB, ambayo ni kama mlango usio na bawabu.

Arduino inataka kinyume chake. IDE inatafuta poti ya COM, na kwa bodi hii COM hutolewa na draiva ya CH340 pekee. Ukimwondoa bawabu, na namba ya mlango inaondoka naye. Bodi ni nzima, chipu ni nzima, ila hakuna anayetoa poti.

Kwa hiyo kijana asione haya. Mimi mwaka wa kwanza wa kidude changu niliweka tiki kwenye List All Devices, nikachagua kipanya changu mwenyewe badala ya redio, nikabonyeza. Kikafa pale pale mkononi. Usiku ule niliijua kibodi vizuri sana.

Bi_Solda

Shikamoo mzee. Umeeleza vizuri kuliko mimi.

Tangi, sasa fanya hivi na usiruke hatua. Zima intaneti kwanza, wifi na bandali ya simu, sababu Windows ikiwa hewani itakimbilia kuleta draiva yake katikati ya kazi. Chomeka bodi kushoto. Bonyeza kulia hicho USB Serial, chagua Uninstall device, na kile kisanduku cha kufuta programu ya draiva ukitie tiki. Hicho kisanduku ndicho roho ya jambo. Usipokitia tiki, unafuta jina mlangoni na draiva inabaki ghalani, ukichomeka tena inarudi. Ukimaliza chomoa, chomeka. Ikirudi kundi lile lile, futa tena kwa tiki, huenda ziko mbili.

Na kwa kuwa umesakinisha tano, fungua Command Prompt kama msimamizi uandike

pnputil /enum-drivers

Itakuorodheshea kila draiva ya nje iliyomo ghalani, kila moja na jina kama oem23.inf, chini yake jina lake la asili na toleo. Zinazosema ch341ser.inf ni za chipu yako. Niletee ni ngapi na matoleo yake. Usifute kitu huko bado, humo kuna draiva za skrini na wifi yako pia.

Tangi_la_Kisauni (Jumamosi, saa 5 asubuhi)

Samahani kwa kimya, jana stima ilikatika nikiwa nusu ya kazi na betri ya hii laptopu ni pambo tu.

Kushoto kumepona! Sasa ni USB-SERIAL CH340 (COM3). Lakini kupakia bado, kushoto na kulia sasa zinatoa neno moja:

avrdude: ser_open(): can't set com-state for "\\.\COM3"

Kwenye pnputil ch341ser.inf ziko mbili. Moja ni 3.5 ya 2019, nyingine 3.8 ya 2023.

kijana_wa_Likoni

Ubuntu.

Bi_Solda

Nilidhania hivyo. Kumbe ni magonjwa mawili, si mmoja.

Poti inaonekana lakini haikubali kuwekewa kasi. Can't set com-state maana yake avrdude, programu ambayo IDE huitumia kupakia, iliufungua mlango, ikasema tuongee kwa kasi ya 115200, na draiva ikajibu hapana. Hili linajulikana kwa toleo la 3.8 likikutana na chipu za CH340 zilizoigizwa. Yaani bodi yako ni ya kuigiza na chipu iliyo juu yake nayo imeigizwa, mwigo juu ya mwigo. Draiva ya zamani haikuwa ikiuliza maswali, mpya inafanya mambo ambayo chipu bandia haiyawezi. Itazame chipu kwa mwanga wa kando: ikiwa juu ni laini bila maandishi, ni moja ya dalili.

Dawa ni kurudi nyuma. Kwenye hicho COM3: Properties, Driver, Update Driver, kisha Browse my computer, kisha usitafute folda, chagua Let me pick from a list. Utaona CH340 mbili na matoleo yake. Chukua 3.5.2019.1. Kisha ingia Device installation settings, uchague No, ili isikuletee 3.8 tena ukilala. Tundu la kulia nalo lifanyie vivyo hivyo, maana kwake hilo ni daftari jingine.

Mzee_wa_Redio

Habari za chipu bandia na draiva si ngeni. Mwaka 2014 FTDI, kampuni ya Glasgow huko Uskochi, walitoa draiva kupitia Windows Update, nayo ilikuwa ikikutana na FT232 bandia inaibadilisha PID kuwa 0000. Kifaa kikawa hakitambuliki hata ukikihamishia kompyuta nyingine, kwa sababu nambari ilikuwa imeandikwa ndani ya chipu yenyewe. Watu walipiga kelele dunia nzima, draiva ikaondolewa. Waliojua walizifufua chipu zao kwa kuirudisha 6001. Mwaka 2016 ikaja draiva nyingine, safari hii haikuua, ilikuwa ikichomeka maneno NON GENUINE DEVICE FOUND! katikati ya data. Mtu anasoma joto la chumba, anajibiwa kwa matusi.

Na waya wa kupangia redio za mkononi wenye PL2303 ya kuigiza, chipu ya USB ya kampuni ya Prolific, kwa draiva mpya utausoma kwenye Device Manager ukikwambia waziwazi kwamba hii si Prolific, wasiliana na aliyekuuzia. Aliyekuuzia yuko wapi? Alikuwa na meza Marikiti, mvua ikanyesha, akahama.

Binti_wa_Tudor

Nisamehewe kudandia uzi wa mtu. Mimi niko Ubuntu 22.04, bodi ni hiyo hiyo ya CH340, nambari 1a86:7523 naiona kwenye lsusb, ile amri ya kuorodhesha vifaa vya USB, lakini poti yake, /dev/ttyUSB0, inatokea sekunde moja inapotea. Na mimi niliambiwa kwa Linux hakuna mambo ya draiva.

Bi_Solda

Kijana wa Likoni, mgeni wako huyo.

kijana_wa_Likoni

😅 Dada, chomeka bodi huku ukitazama sudo dmesg -w, ujumbe wa kerneli, utuletee mistari ya mwisho.

Binti_wa_Tudor

usbfs: interface 0 claimed by ch341 while 'brltty' sets config #1
ch341-uart converter now disconnected from ttyUSB0

kijana_wa_Likoni

Haya, nakula maneno yangu, lakini hili nalijua. Draiva iliishika bodi sawasawa, kisha ikaja programu nyingine, brltty, ikainyang'anya. Hiyo brltty imeandika katika kanuni zake za udev, mfumo wa Linux wa kutambua vifaa, kwamba 1a86:7523 ni kifaa chake, na 22.04 inakuja nayo tayari. Iondoe:

sudo apt remove brltty

Kisha chomoa, chomeka. Ikikataa kwa kusema huna ruhusa, jitie kwenye kundi la dialout kwa sudo usermod -a -G dialout $USER, ujitoe na kuingia upya. Upuzi mtupu, sijui waliiweka ya nini.

Mzee_wa_Redio

Ya vipofu, kijana. brltty ndiyo inayoendesha vibao vya nukta nundu, vile vinavyoinua na kushusha nukta ili asiyeona aisome skrini kwa vidole. Kuna kibao kinachotumia nambari hiyo hiyo 1a86:7523, kwa sababu ndani yake mna chipu ile ile. Ndio maana programu ilidhani Arduino ya binti ni kibao. Ikiwa kompyuta hiyo inatumiwa na asiyeona, msiiondoe. Fungua faili la kanuni, 85-brltty.rules, weka alama ya # mbele ya mstari wenye 1a86/7523, basi.

kijana_wa_Likoni

Sikujua. Nafuta neno upuzi.

Binti_wa_Tudor

Nimetia # tu, ttyUSB0 imetulia. Ahsanteni, na mzee shikamoo.

Mzee_wa_Redio

Marahaba.

Tangi_la_Kisauni (Jumamosi, saa 2 usiku)

3.5 imeingia, com-state imeondoka. Sasa ni hili:

avrdude: stk500_getsync() attempt 1 of 10: not in sync: resp=0x00

Nalia.

Bi_Solda

Usilie, umesogea. Sasa laptopu inaongea na ni bodi isiyojibu, draiva imetoka kwenye kesi. Umechomeka nini kwenye pini 0 na 1?

Tangi_la_Kisauni

SIM800L.

Bi_Solda

Pini 0 na 1 ndizo hizo hizo CH340 inazoongelea na ATmega, chipu kuu ya bodi. Laptopu yasema na moduli ya simu nayo yasema, kwenye waya mmoja. Chomoa nyaya hizo mbili, pakia, kisha zihamishe kwa pini nyingine na utumie SoftwareSerial, maktaba inayofanya pini nyingine ziongee kama hizo.

Ukitaka uhakika wa chipu yako siku nyingine: unganisha RESET na GND, unganisha pini 0 na 1 kwa waya mfupi, fungua Serial Monitor, dirisha la IDE la kuongea na bodi, uandike jina lako. Likirudi, USB na draiva ni wazima na ugonjwa uko mbele. Na hiyo SIM800L usiilishe kutoka 5V ya Arduino. Ikitafuta mtandao huvuta mpaka ampea 2 kwa mpigo, na volti zake ni kati ya 3.4 na 4.4. Utakuja hapa kesho useme bodi inajizima yenyewe.

Nahodha_wa_Waya

Na tundu la USB lipake spiriti ulisugue kwa mswaki. Hewa hii ya chumvi ya kwetu hula hata dhahabu ya bandia.

Tangi_la_Kisauni (Jumapili, saa 8 usiku)

Imeingia! Nimepanda na tochi mdomoni nikafunga kipimo chini ya mfuniko. SMS bado, moduli inangoja betri yake. Lakini Serial Monitor inasoma: sentimita 61. Sentimita 60. Sentimita 58.

Ngojeni. Inapungua maana yake maji yanapanda. Yamekuja! Nakwenda kuwaamsha wapangaji watie ndoo zao.